Kwa nini Wizara ya Masuala ya Uchumi ya Uingereza ilidumu miaka mitano tu?

Mwanafunzi wa utawala wa umma aliyeniandikia kutoka Arua ameuliza hivi: "Mwalimu, pole na kazi. Tumefundishwa kwamba Uingereza iliunda Wizara ya Masuala ya Uchumi mwaka 1964, ikaivunja mwaka 1969. Wenzangu darasani wanasema ilikufa kwa sababu ya tabia za waziri wake wa kwanza, George Brown. Je, ni kweli, au kasoro ilikuwa katika muundo wenyewe? Na je, historia hiyo inatusaidia kuelewa kwa nini hapa kwetu Uganda mipango na fedha viliwekwa katika wizara moja?"

Asante, nawe pole na masomo. Wenzako hawakukosea kumtaja Brown, kwa kuwa alikuwa mtu wa hasira za karibu, alitishia kujiuzulu mara nyingi, na unywaji wake wa pombe ulijulikana Bungeni na nje ya Bunge. Hata hivyo, naamini kwamba hata waziri mpole kuliko wote asingeiokoa wizara ile. Ilipewa jukumu la kukuza uchumi wa nchi bila kukabidhiwa vyombo vinavyoukuza uchumi, na tena uamuzi mmoja uliofanyika katika siku zake za kwanza kabisa ulikuwa umekwisha kuifunga mikono kabla haijatoa hata waraka mmoja wa maana.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliziona Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikikua kwa kasi zaidi yao, huku wao wakizunguka palepale: uchumi ukianza kuchangamka, bidhaa kutoka nje ziliagizwa kwa wingi, akiba ya fedha za kigeni ikapungua, Hazina, yaani wizara ya fedha ya Uingereza, ikapandisha riba na kubana mikopo, viwanda vikapoa, kisha mzunguko ukaanza upya. Wengi waliilaumu Hazina, wakisema kwamba inalinda pauni kuliko inavyolinda uzalishaji. Wakati huohuo walivutiwa na Tume ya Mipango ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Jean Monnet, ambako serikali, wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi waliketi pamoja na kukubaliana malengo ya miaka kadhaa mbele. Serikali ya chama cha Conservative ilikwisha kuonja wazo hilo mwaka 1962 ilipounda Baraza la Taifa la Maendeleo ya Uchumi, lililojiwekea lengo la ukuaji wa asilimia 4 kwa mwaka. Ilikuwa imani ya zama zile, nasi tulikuwamo: mpango wetu wa kwanza wa maendeleo ulianza mwaka wa fedha wa 1961/62, kabla hata bendera ya uhuru haijapandishwa, na mpango wa pili ulianza mwaka 1966.

Chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa tarehe 15 Oktoba 1964 baada ya miaka 13 nje ya madaraka, kwa wingi wa viti vinne tu. Wakuu wake watatu walikuwa Harold Wilson, George Brown na James Callaghan, ambao mwanzoni mwa mwaka 1963 walikuwa wamegombea uongozi wa chama baada ya kifo cha Hugh Gaitskell. Wilson alimshinda Brown katika duru ya pili kwa kura 144 dhidi ya 103. Alipokuwa Waziri Mkuu alimpa Callaghan Hazina, na Brown akampa wizara mpya pamoja na cheo cha kumsaidia Waziri Mkuu. Inasimuliwa kwamba Wilson na Brown walikubaliana juu ya wizara hiyo wakiwa ndani ya teksi wakielekea Bungeni, na wanahistoria wengi huipenda simulizi hiyo kwa sababu inaonyesha haraka na wepesi wa maandalizi. Mimi naona simulizi hiyo inaficha jambo, kwa kuwa wazo la kuinyang'anya Hazina sehemu ya mamlaka lilikuwa limejadiliwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa wachumi wa chama na hata miongoni mwa baadhi ya watumishi wa serikali. Kilichofanyika kwa haraka kilikuwa ni ugawaji wa madaraka, na hapo ndipo unapopaswa kutazama kwa makini.

Wilson aliamini kwamba wizara mbili zenye nguvu zikivutana, mvutano huo utazaa mawazo bora, naye atakaa juu yao kama mwamuzi. Kukaandikwa makubaliano kati ya wizara hizo mbili. Kwa maneno machache, wizara mpya ilipewa mambo ya muda mrefu na rasilimali halisi, yaani viwanda, ajira, mikoa, uzalishaji, bei na mishahara. Hazina ilibaki na mambo ya muda mfupi pamoja na fedha: kodi, matumizi ya serikali, riba, mikopo, na urari wa malipo ya nje, yaani ulinganisho wa fedha zinazoingia nchini na zinazotoka. Wizara hizo zilikaa katika jengo moja la serikali karibu na Bunge, na sehemu ya wachumi wa Hazina walihamishiwa upande wa pili. Brown alipata watu hodari: Eric Roll akiwa katibu mkuu, na Donald MacDougall, aliyetoka katika ofisi ya lile baraza la mwaka 1962, akiwa mkuu wa wachumi. Kwa hiyo usikubali hoja kwamba wizara ilikosa wataalamu.

Sasa soma tena ugawaji ule ukiwa na macho ya mtu aliyewahi kuandaa bajeti ya wilaya. Muda mrefu haupo peke yake mahali popote. Ni mfululizo wa miaka ya fedha, na kila mwaka wa fedha una mwenyewe. Anayeamua mwezi huu ni shilingi ngapi zitatoka ndiye anayeamua barabara ya mwaka kesho itafika wapi, hata kama jina lake halimo katika kitabu cha mpango. Wizara ya Brown iliweza kusema kwamba nchi inahitaji mashine mpya na wafanyakazi wenye ujuzi, lakini haikuweza kupunguza riba ili mwenye kiwanda akope na kununua mashine hizo, wala haikuweza kuongeza fungu la bajeti ili chuo cha ufundi kijengwe.

Uamuzi nilioutaja mwanzoni ulifanyika Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba 1964, siku mbili tu baada ya uchaguzi. Serikali mpya ilikuta nakisi kubwa katika urari wa malipo ya nje, iliyokadiriwa wakati ule kuwa karibu pauni milioni 800. Njia mojawapo ilikuwa kushusha thamani ya pauni, iliyokuwa dola 2.80, ili bidhaa za Uingereza ziwe rahisi katika masoko ya nje. Wilson, Brown na Callaghan walikutana wakakataa. Serikali ya Labour ndiyo iliyoshusha pauni mwaka 1949, na waliogopa kuitwa chama cha kushusha sarafu; Marekani nayo haikutaka pauni iguswe, kwa hofu kwamba dola ingefuata. Badala yake walitoza ushuru wa ziada wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za viwandani kutoka nje, na Novemba wakaokolewa na mikopo ya benki kuu za kigeni yenye jumla ya dola bilioni 3. Zingatia kwamba Brown alikuwamo katika uamuzi huo na aliuunga mkono. Lakini tangu siku hiyo, kila mara pauni ilipotikisika, ilikuwa lazima mtu abane matumizi ya ndani ili kuitetea, na mtu huyo alikuwa Waziri wa Fedha. Mpango wa kukuza uchumi ukawa unategemea hisani ya wizara ambayo kazi yake ilikuwa kuupunguza mwendo.

Hata hivyo, miezi ya mwanzo ilikuwa ya matumaini, na ni haki kuieleza hivyo. Tarehe 16 Desemba 1964 Brown aliwakutanisha wawakilishi wa waajiri, wa vyama vya wafanyakazi na wa serikali, nao wakatia saini tamko la pamoja kuhusu uzalishaji, bei na mishahara. Hilo halikuwa jambo dogo katika nchi ambayo wafanyakazi na waajiri walikuwa wakitazamana kama maadui, na sidhani kama mtu mwingine katika serikali ile angeliweza. Brown alitoka katika familia ya wafanyakazi, aliwahi kuwa afisa wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, na alijua kuwabembeleza na kuwagombeza watu wale kwa lugha yao. Mwaka 1965 ikaundwa bodi ya taifa ya bei na mishahara chini ya Aubrey Jones, aliyewahi kuwa waziri wa Conservative. Yakaundwa pia mabaraza ya mipango ya uchumi ya mikoa kote nchini, pamoja na Scotland na Wales.

Kisha ukaja mpango wenyewe, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu njia iliyotumika kuuandika inafundisha kuliko maneno yaliyomo. Wizara ilianza na tarakimu moja: pato la taifa liongezeke kwa asilimia 25 kati ya mwaka 1964 na 1970, yaani wastani wa asilimia 3.8 kwa mwaka. Ndipo ikatuma dodoso kwa viwanda vya kila aina, ikiviuliza hivi: tukichukulia kwamba uchumi wote utakua kwa asilimia 25, ninyi mtazalisha kiasi gani, mtahitaji wafanyakazi wangapi, mtawekeza kiasi gani, mtaagiza nini kutoka nje, na mtauza nini huko? Mwenye kiwanda cha chuma akajaza fomu akiamini kwamba mwenye kiwanda cha magari atanunua chuma zaidi. Wa magari akajaza akiamini kwamba wananchi watakuwa na kipato zaidi. Majibu yalipojumlishwa, yakaonyesha kwamba asilimia 25 inawezekana. Yangekosaje kuonyesha hivyo, ilhali swali lenyewe lilianza kwa kuichukulia kuwa imekwisha kupatikana? Mpango uliitaka biashara ya nje ikue pia, mauzo yaongezeke kwa asilimia 5.25 kila mwaka, lakini bila kubadilisha thamani ya pauni hapakuwa na maelezo ya kutosha ya nani angeyanunua na kwa nini.

Mpango ulichapishwa tarehe 16 Septemba 1965, ukapokewa kwa shangwe. Ukiziweka tarehe sambamba, hata hivyo, utaona jambo zito zaidi: tarehe 27 Julai, yaani wiki saba hivi kabla ya kuchapishwa, Callaghan alikuwa tayari ametangaza hatua za kubana matumizi ya umma na kuahirisha miradi ili kuitetea pauni. Mpango ulitoka mtamboni ukiwa na tarakimu ambazo wizara jirani katika jengo lilelile ilikuwa imekwisha kuzipunguza. Ndiyo maana nasema kwamba kukaa jirani hakutoshi.

Labour ilirudi na ushindi mkubwa katika uchaguzi wa tarehe 31 Machi 1966, lakini Mei mabaharia wakagoma, bandari zikasimama, na wenye fedha duniani wakaanza kuikimbia pauni. Safari hii Brown alitaka thamani ishushwe, kwani aliona wazi kwamba bila hivyo mpango wake umekufa. Wilson na Callaghan walikataa. Tarehe 20 Julai 1966 ikatangazwa mikato mikubwa ya matumizi, kodi zikapanda, na nyongeza za mishahara zikazuiwa kwa miezi sita, kisha ikafuata miezi sita mingine ya kubana vikali. Frank Cousins, kiongozi wa wafanyakazi aliyekuwa Waziri wa Teknolojia, alikuwa amejiuzulu siku chache kabla kwa kupinga sheria ya bei na mishahara. Brown naye alitaka kujiuzulu, akashawishiwa kubaki, na Agosti akahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje, huku Michael Stewart akitoka huko kuja kushika nafasi yake. Lengo la asilimia 25 halikutajwa tena kwa dhati. Ilipofika mwaka 1970, ukuaji halisi ulikuwa umezidi kidogo tu nusu ya kile kilichoahidiwa.

Miaka mitatu iliyobaki si mirefu kuieleza. Agosti 1967 Wilson alitangaza kwamba yeye mwenyewe ataisimamia wizara, na Peter Shore akawa waziri chini yake. Mwaka 1968 mambo ya bei na mishahara yalihamia kwa Barbara Castle katika wizara mpya ya ajira na tija. Mwanzoni mwa mwaka 1969 ilitolewa tathmini ya uchumi hadi mwaka 1972, nayo ikaepuka kwa makusudi kujiita mpango. Oktoba 1969 wizara ikavunjwa, sehemu yake kubwa ikarudi Hazina na nyingine ikaenda Wizara ya Teknolojia. Mabaraza ya mikoa yalidumu hadi mwaka 1979, serikali ya Margaret Thatcher ilipoyafuta, na mimi nayahesabu kuwa kazi bora kuliko zote iliyoachwa na wizara ile, kwa sababu kwa mara ya kwanza mikoa ya kaskazini ilipata mahali rasmi pa kusemea mahitaji yake.

Katikati ya kushuka huko, tarehe 18 Novemba 1967, pauni hatimaye ilishushwa kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40, na tukio hilo lilitufikia hata sisi. Benki Kuu ya Uganda ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu tu, kwani ilifungua milango tarehe 15 Agosti 1966, baada ya Afrika Mashariki kuachana na bodi ya pamoja ya sarafu. Kenya, Tanzania na Uganda ziliamua kutofuata pauni. Pauni moja, iliyokuwa shilingi 20 kwa miaka mingi sana, ikawa shilingi 17 na senti 14. Nakutajia tarakimu hiyo ili uone uzito wa chombo chenyewe: nchi changa zilikuwa na uhuru wa kuamua thamani ya sarafu zao usiku mmoja, ilhali waziri aliyeandika mpango mzima wa uchumi wa Uingereza alikuwa amenyimwa chombo hichohicho alipokihitaji zaidi.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Hapa Uganda, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Fedha ilishika bajeti ya matumizi ya kawaida, na Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi ilishika bajeti ya maendeleo pamoja na misaada ya wafadhili. Unaweza kuona ufa uleule: shule inajengwa kwa fedha za upande mmoja, mwalimu analipwa kwa fedha za upande mwingine, na hakuna anayewajibika kwa jumla yake. Mfumuko wa bei, uliozidi asilimia 200 kwa mwaka wakati serikali ya sasa ilipoanza kazi, ulikuwa umeshushwa sana, lakini ukapanda tena mwaka wa fedha wa 1991/92 serikali ilipokopa Benki Kuu kufidia pengo la bajeti. Mwaka 1992 Rais Museveni akaziunganisha wizara hizo. Emmanuel Tumusiime-Mutebile, aliyekuwa katibu mkuu upande wa mipango, akawa Katibu Mkuu wa wizara mpya na Katibu wa Hazina. Ukaanza utaratibu mkali wa kutumia kila mwezi kile tu kilichokusanywa, na mfumuko wa bei ukashuka hadi chini ya asilimia 10.

Hapa usiandike kwamba Uganda iliiga mwisho wa Uingereza, kwa sababu mambo mawili yalikwenda kinyume. Kwanza, London Hazina iliimeza mipango. Kampala watu wa mipango ndio waliokabidhiwa ufunguo wa Hazina, na kwa muda fulani waliutumia kwa ukali kuliko Hazina yenyewe ilivyofanya awali. Pili, sarafu yetu haikuwa kamba shingoni kama pauni ya 1964, kwa kuwa maduka ya kubadilishia fedha yaliruhusiwa mwaka 1990 na kiwango cha shilingi kikaachiwa soko hatua kwa hatua. Wapangaji wetu hawakulazimika kuchagua kila siku kati ya ukuaji na thamani ya sarafu.

Hata hivyo, nasi tulijaribu kutenganisha tena. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1996 wizara iligawanywa, mipango upande wake na fedha upande wake, na mwaka 1998 ikaunganishwa upya kuwa Wizara ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi tunayoijua leo. Wizara ya mipango ya miaka ile miwili ndiyo ndugu wa karibu wa wizara ya Brown katika historia yetu, na ningependa sana uichague kwa tasnifu yako, kwani haijaandikwa kwa kiasi inachostahili. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 125, ilikuwa imeagiza kuwe na Mamlaka ya Taifa ya Mipango. Sheria yake ilitungwa mwaka 2002, na Mpango wa Taifa wa Maendeleo wa kwanza ulianza mwaka wa fedha wa 2010/11.

Leo Mamlaka hiyo iko Barabara ya Clement Hill, na Wizara ya Fedha iko Barabara ya Apollo Kaggwa, kwa hiyo kwa namna fulani tumerudi kwenye taasisi mbili. Tofauti ni kwamba sheria imejaribu kuzifunga pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka bajeti ilingane na mpango wa taifa, na iambatane na cheti cha Mamlaka kinachoeleza jinsi bajeti ya mwaka uliotangulia ilivyoufuata mpango. Cheti hicho ni silaha ambayo Brown hakuwa nayo, ingawa kinakuja wakati fedha zimekwisha kutumika. Ukianza utafiti, omba vyeti vya miaka kadhaa mfululizo, vilinganishe na hotuba za bajeti za miaka hiyohiyo, wizara kwa wizara, kisha tazama ni wizara ipi iliyowahi kukatiwa fungu kwa sababu ya kuukiuka mpango.